Nilivyopata Kazi ya Uhasibu kwa Kupitia Maduka ya Vipuri ya Grogan

Nilihitimu Shahada ya Biashara, mkondo wa uhasibu, mwishoni mwa mwaka 2023, nikiwa na imani kwamba kazi yangu ya kwanza ingekuwa katika benki au katika mojawapo ya kampuni za ukaguzi wa hesabu zilizojaa Westlands na Upper Hill jijini Nairobi. Niliishi kwa shangazi yangu mtaani Umoja, nami kila siku ya kazi nilikuwa ama katika saiba nikituma maombi, ama katikati ya jiji nikizunguka na bahasha ya kaki. Matangazo karibu yote yalifanana: mwombaji awe na tajriba ya miaka miwili na awe amefika mbali katika mitihani ya CPA, ile ya kitaaluma ya wahasibu, inayosimamiwa na bodi ya mitihani ya KASNEB. Mitihani nilikuwa nimeianza, lakini tajriba hainunuliwi, na hakuna aliyekuwa tayari kuniajiri ili niipate. Niliomba pia nafasi ya uanagenzi wa miezi 12 unaotolewa na Tume ya Utumishi wa Umma, nikakosa.

Pesa ndizo zilizonifundisha kuchagua. Kampuni moja ilitaka waombaji waambatishe, hata kabla ya kuitwa kwa mahojiano, cheti cha tabia njema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, cheti cha kutii sheria za ushuru, barua ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ripoti ya CRB, yaani ofisi inayoweka kumbukumbu za mikopo ya mtu, na fomu ya tume ya maadili. Cheti cha tabia njema peke yake kilikuwa shilingi 1,050, nami sikuwa na kipato. Nilikuwa nimesoma kwamba Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, na kwamba mwajiri anaruhusiwa kudai vyeti hivyo pale tu anapokuwa amempa mtu kazi. Kwa hivyo nilituma ombi bila vyeti, nikaeleza kwa adabu kwamba ningeviwasilisha nikipewa kazi. Sikujibiwa, na sikujutia. Jambo moja tu la karatasi sikulichelewesha: kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru, kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, kabla ya tarehe 30 Juni, ingawa sikuwa na mapato yoyote, kwa sababu mwenye PIN, nambari ya mlipa ushuru, asiyefanya hivyo hutozwa faini ya shilingi 2,000, na faini hizo hurundikana mwaka baada ya mwaka bila mwenyewe kujua. Wakala aliyetaka nimtumie pesa za uchunguzi wa afya kwa M-Pesa kabla sijaona hata ofisi yake sikumpa nafasi ya kunieleza mengi.

Shangazi ndiye aliyenielekeza Grogan, eneo la maduka ya vipuri vya magari jijini Nairobi. Jioni moja alitoka kwenye mkutano wa chama chao akaniambia, "Mwenzangu analia kwamba duka la mumewe linapoteza wateja kwa sababu ya hizo risiti za KRA. Wewe si ndiyo mambo uliyosomea?" Ilikuwa kweli. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa KRA wa kutolea ankara, haikubaliwi, isipokuwa chache zilizosamehewa, kampuni inapokokotoa ushuru wake wa mapato. Kwa hivyo kampuni za uchukuzi zilizokuwa zikinunua breki na filta kutoka Barabara ya Kirinyaga zikaanza kukataa risiti za kuandikwa kwa mkono, na wenye maduka ambao hawakuwa na mfumo huo wakabaki na bidhaa zao.

Mwenye duka, mzee wa makamo ya babangu, alinitazama nikiwa nimesimama kati ya ringi za magurudumu na madebe ya oili, akaniuliza, "Binti yangu, umetumwa na KRA?"

"Hapana, Mzee, nimetumwa na shangazi."

Alicheka, akaniruhusu kuingia nyuma ya kaunta, ingawa kwa wiki nzima kijana wake hakuniacha peke yangu na droo ya pesa. Kazi ngumu haikuwa kujisajili katika mfumo, bali kuingiza bidhaa. Nilipanda ngazi hadi darini nikiwa na tochi ya simu, nikasoma nambari ya kila kipuri kwenye boksi lake, nikailinganisha na kitabu cha manunuzi ambacho kurasa zake zilikuwa zimeshikana kwa grisi, kisha nikaandika bei ya kununulia na ya kuuzia. Mauzo ya duka yalikuwa yamezidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, kiwango kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa ushuru wa thamani iliyoongezwa, VAT, kwa hivyo nilimwandalia pia ritani ya kila mwezi, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tulipatana malipo ya kila mwezi. Yalikuwa madogo, lakini yalitosha nauli na ada ya mtihani wangu uliofuata. Jirani yake alipoona wateja wanarudi aliniita, na mwingine akafuata.

Hapo ndipo niliupangua wasifu-kazi wangu. Nilitoa maneno ya jumla kuhusu bidii na kufanya kazi kwa ushirikiano, nikaandika nilichofanya: maduka niliyoyahudumia, ritani nilizowasilisha, hitilafu nilizorekebisha. Niliwaomba wenye maduka ruhusa ya kuwataja kama wadhamini, na Mzee akaniuliza kama ingemlazimu kuvaa tai.

Kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa huko Industrial Area iliniita kwa mahojiano ya nafasi ya mhasibu msaidizi. Waliniuliza ningefanya nini iwapo manunuzi yaliyo vitabuni hayalingani na yanayoonekana KRA. Nilijibu bila kutafuta maneno, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa limenisumbua Grogan mara nyingi: mara nyingi muuzaji amesahau kuweka PIN ya mnunuzi kwenye ankara, na dawa yake ni kumrudia muuzaji mapema ili aitengue ankara ile kwenye mfumo kwa hati ya kurekebisha (credit note) na kutoa nyingine, kabla tarehe 20 haijafika. Afisa wa wafanyakazi alimpigia Mzee simu, na baadaye aliniambia kwamba alilazimika kusikiliza sifa zangu huku nyundo zikigongwa nyuma.

Niliajiriwa kwa muda wa majaribio, kisha nikathibitishwa. Vyeti vile vyote nilivilipia baada ya kupokea barua ya ajira, na marejesho ya mkopo wa HELB, ambayo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, sasa hukatwa kwenye mshahara. Maduka ya Grogan nimemwachia mwanafunzi mmoja anayesomea uhasibu ambaye bado hajahitimu, nami Jumamosi hupita kukagua ritani zake kabla hazijatumwa.