Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye "mwalimu wa mapicha"

Saa 11:00 alfajiri. Nimeswali, chai iko jikoni, na kabla sijaimimina nazitazama simu mbili. Moja yangu. Ya pili ni ya kituo ninachofundisha, imepasuka kioo, na ndiyo wanayopigia picha wanafunzi wasio na simu. Zote zimejaa chaji, alhamdulillahi.

Saa 12:30 niko kwenye daladala, Wete kuelekea Chake, hapa Pemba. Msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa kila ubavu wa barabara na harufu inaingia dirishani. Jirani yangu wa kiti, bibi mmoja na kikapu chake, ananiuliza nafundisha nini. Namwambia. "Aa, siku hizi wanasomeshwa kupiga picha," anasema, kisha anageukia dirishani. Nimeshazoea.

Kazi yangu ni mikoba ya kazi ya kielektroniki katika kituo cha mafunzo ya amali. Mwanafunzi wa umeme, ushoni au useremala anakuwa na mkoba wake ndani ya kompyuta: picha, video, sauti, tarehe, maneno yake kuhusu alichofanya na kwa nini, na maoni ya mwalimu wake. Zamani tulikuwa na mafaili ya karatasi. Masika moja na mchwa wawili watatu, kazi ya mwaka mzima imekwenda. Sasa tunatumia Mahara, programu iliyoanzia New Zealand mwaka 2006. Jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake kufikiri. Siku ya kwanza nilipolitaja, darasa zima la ushoni lilisikia "mahari", na hapakusomeshwa tena mpaka kengele. Tumeiweka kwenye laptopu moja hapo hapo kituoni, wanaingia kwa waifai ya ndani, kwa hiyo intaneti ikikatika hatuna habari.

Saa 2 mpaka saa 4: maneno ya siri yaliyosahauliwa. Tuendelee.

Lakini niseme hili la gauni. Msichana wa ushoni kaleta picha moja, gauni limening'inizwa dirishani, limependeza kweli. Nikamrudishia. Akanuna. Gauni lililokwisha halinionyeshi kitu, hata sokoni Darajani yanauzwa. Mimi nataka upande wa ndani, pindo, karatasi ya kukatia, na pale alipofumua akashona upya. "Nilipofumua sikupiga picha, mwalimu, niliona haya." Basi niandikie, nikamwambia. Akaandika mistari minne kuhusu mkono wa kushoto alioukata mfupi, na mistari ile ilinieleza mengi kuliko gauni zima.

Saa 4 na robo mzee akaingia. Kanzu, kofia ya kiua, bakora.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa mapicha?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

Hakukaa. Binti yake anasomea umeme wa majumbani, na kuna mtu wa Unguja kamwambia kwamba picha ikishaingia kwenye kompyuta inaonekana dunia nzima. "Mtoto wa kike, mwanangu. Huyu atakuja kuolewa." Nikatoa fomu ya ridhaa yenye saini yake. Akaitazama. "Nilitia saini, sikusoma." Angalau mkweli.

Nikamwita binti, nikamwambia afungue mkoba wake mwenyewe. Nikamweleza mzee kuwa haya yote yamo ndani ya laptopu hii. Anayeyaona ni binti, walimu wake na mtahini. Akimaliza kozi ataupakua kwenye flashi aondoke nao, amwonyeshe anayemtaka. Na uso wake haumo. Kuna mikono miwili tu, testa (kibisibisi kinachowaka kikigusa penye umeme), na ubao wa mazoezi wenye swichi na holda ya taa. Binti akabonyeza sauti yake:

"Nimezima swichi, taa imezimika, lakini nikigusisha testa kwenye holda inawaka. Kumbe swichi nimeikatia kwenye nyutro, waya wa kurudi, badala ya laivu, waya unaoleta umeme. Mtu akija kubadilisha globu hapa atapigwa na umeme, na swichi kaizima."

Picha inayofuata, tarehe ya kesho yake, waya umeshahamishwa na testa haiwaki.

Mzee kimya. Nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

"Yaani mmeweka kosa lake?"

Hapo tukakaa karibu saa nzima. Picha zibaki, sawa, lakini ile ya kwanza ifutwe, ibaki ya pili. Anayeoa na anayeajiri, alisema, wote wanatafuta sifa, hakuna anayetafuta aibu. Nikamwambia mafundi wa kufunga taa ikawaka wakaondoka tunao tele. Huyu kafunga, taa ikawaka, na bado akapima. Ukiifuta ile ya kwanza, ya pili inabaki picha ya waya. Akasema mimi nimesoma sana. Hakuwa ananisifu. Nyuma yake wanafunzi sita wamejipanga na simu zao mkononi, na mmoja anacheka chinichini.

Nikachoka. Nikamwambia mkoba huu si wangu wala si wako, baba, muulize mwenyewe. Binti kainamia meza. "Naiacha," akasema, taratibu mno hata nikamwomba arudie.

Mzee akaondoka. Maji niliyompa hakuyagusa.

Sijui ilikuwa saa ngapi umeme ulipokatika. Nadhani baada ya adhuhuri. Pemba tunaletewa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na wanafunzi wangu wa umeme wanapenda kulumbana ni wapi ulipokatikia, kana kwamba watatumwa wao kuzamia. Laptopu ina betri ya saa mbili. Nikasoma kazi kumi na moja, nikaziandikia maoni, ya mwisho mwisho mafupi kuliko inavyostahiki. Muhogo wa nazi niliula umeshapoa. Daladala ya kurudi nililala, nikapitishwa kituo changu.

Usiku, nimeshajinyoosha, simu inalia. Yule mzee. Namba yangu iko kwenye fomu, ile ile asiyoisoma.

"Mwalimu, huyu kaja na testa anapima taa zangu zote. Kwenye ya barazani testa inawaka na swichi nimezima."

Nyuma nasikia binti: "Baba, usiguse!"

Nikamwambia azime swichi kuu, waiache hivyo hivyo mpaka asubuhi aje mwalimu wake wa umeme.

"Na mwambie apige picha," nikasema.

Akakata simu.