Kabla ya kusema mwanga umebadili mwendo, kagua rula

Ukitaka kupima kama mwendo wa mwanga unatofautiana kati ya pembe moja ya ulimwengu na nyingine, unakwama mapema: utapima kwa rula ipi? Tangu 1983 mita yenyewe ni umbali ambao mwanga unakwenda katika ombwe kwa 1/299,792,458 ya sekunde. Mwanga ukizembea, mita nayo inafupika, na jibu linatoka lilelile. Ni sawa na kupima kimo cha mtoto kwa shubiri zake mwenyewe.

Kwa hiyo kinachosakwa ni alfa, namba inayofunga pamoja chaji ya elektroni, konstanti ya Planck na mwendo wa mwanga, vizio vyote vikafutana. Ni karibu 1/137.036, upime kwa mita au kwa dhiraa. (Chaji na mwendo vikibadilika pamoja hadi alfa isitikisike? Basi kwa vipimo hivi hakuna kilichotokea.)

Alfa ya zamani inasomwa kwenye mwanga wa kwasa (kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa mno) uliopenya wingu la gesi njiani. Wingu linaacha mistari myeusi: magnesiamu kwenye nanomita 279.6 na 280.4, chuma kwenye 238.3 na 260.0. Kutanuka kwa ulimwengu kunavuta yote kwa uwiano mmoja, hivyo hakusumbui. Alfa ndiyo yenye ubaguzi: magnesiamu haijali sana, chuma kinasogea. Magnesiamu ni kigingi, chuma ni mbuzi. Unapima urefu wa kamba.

Tatizo ni kwamba kamba inasogea kidogo mno. Alfa ikibadilika kwa 1 katika 100,000, mstari wa chuma unahama kana kwamba wingu limeongeza au kupunguza mwendo kwa takriban mita 200 kwa sekunde, yaani sehemu ndogo tu ya pikseli moja ya kamera. Timu ya mwanaastronomia John Webb ilidai badiliko la kiwango hicho mwaka 1999 kwa darubini ya Keck, Hawaii. Baadaye, data za VLT, darubini kubwa ya Chile, zikaonekana kuelekea upande wa pili, kana kwamba alfa inapanda upande mmoja wa anga na kushuka mwingine.

Hapo ndipo rula ilipokaguliwa. Spektrografu za darubini hizo, yaani vifaa vinavyotawanya mwanga kwa rangi zake, zilisahihishwa kwa taa ya thoriamu na agoni. Mwanga wa taa unajaza upenyo wote wa kifaa. Wa kwasa unatua kama doa, pengine pembeni kidogo, kwa hiyo njia zao ndani ya kifaa hazifanani kabisa. Mwaka 2015 Jonathan Whitmore na Michael Murphy walilinganisha spektra za asteroidi, ambazo ni mwanga wa Jua ulioakisiwa, na spektra ya Jua inayojulikana vizuri. Wakakuta rula imevutika, kwa kiasi kinachotosha kuzaa sehemu kubwa ya madai yale.

Mtego mwingine ni magnesiamu yenyewe. Hapa duniani asilimia 79 ni isotopu ya 24, yaani atomi zenye uzito huo, na mistari ya atomi za uzito tofauti imepishana kidogo. Wingu la kale likiwa na mchanganyiko tofauti, kigingi ndicho kinachohama, nawe unamsingizia mbuzi.

ESPRESSO, spektrografu mpya zaidi iliyopo VLT, inapokea mwanga kwa nyuzi za kioo, ili njia ya kwasa na ya rula zifanane, na rula yake inaweza kuwa chanuo la leza, yaani leza yenye mistari mingi iliyopangwa kwa nafasi sawa. Mwaka 2022, kwa kwasa HE 0515−4414, ilitoa badiliko la 1.3 kwa milioni, shaka ya takwimu 1.3, ya vifaa 0.4. Hiyo ni sifuri kwa macho yangu, ila kwa mstari mmoja tu wa kutazama. Dai la pande mbili za anga linahitaji kwasa za pande zote mbili, kwa chombo hichohicho.