Ritani za kodi kabla ya viza: nilivyomdhamini mke wangu nikiishi Mombasa

Mimi ni raia wa Marekani, nimeajiriwa Mombasa na kampuni ya Kenya, na mke wangu ni Mkenya. Maombi yake ya viza ya uhamiaji yalianza na fomu ya I-130, ombi la kuthibitisha uhusiano wetu, na hiyo haikunisumbua. Kazi ilikuwa kwenye I-864, kiapo cha mdhamini kwamba mhamiaji hatakuwa mzigo kwa serikali. Kiapo hicho kinataka ritani ya kodi ya Marekani, yaani tamko la mapato na kodi, ya mwaka wa karibuni, nami nilikuwa sijawasilisha hata moja tangu nihamie Kenya. Niliamini kama wanavyoamini wengi wetu tunaoishi nje, kwamba ukishalipa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, basi IRS, idara ya kodi ya Marekani, haina haja nawe. Unaweza usidaiwe hata senti, lakini wajibu wa kuwasilisha uko palepale.

Marekani humtoza raia wake kodi kwa mapato ya dunia nzima, aishi Boston au Bamburi. Mwenye grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, naye ni hivyo hivyo. Kiwango cha kuanzia hutegemea hali ya ndoa, na hapa ndipo wengi hunaswa: mwenye ndoa anayewasilisha kivyake analazimika kuwasilisha mapato yake yakifika dola 5 kwa mwaka. Si elfu 5, ni dola 5. Aliyejiajiri anabanwa na faida ya dola 400. Ule msamaha wa mapato ya kazi ya ughaibuni unaotajwa kila mahali, dola 120,000 kwa mwaka 2023, 126,500 kwa 2024 na 130,000 kwa 2025, hauji wenyewe. Unaombwa ndani ya ritani kwa fomu ya 2555. Usipowasilisha, hujasamehewa. Ni kweli I-864 inamruhusu asiyewajibika kuwasilisha aambatishe maelezo ya sababu, lakini mtu mwenye ndoa na mshahara hawezi kupita kwa mlango huo.

Madeni ya nyuma niliyasafisha mwaka 2024 kwa utaratibu wa IRS uitwao Streamlined Foreign Offshore. Unataka ritani za miaka 3 ya karibuni ambayo tarehe zake zimeshapita, ripoti za akaunti za benki za nje za miaka 6, na fomu ya 14653, ya kueleza kwa nini ulichelewa. Masharti ni mawili makubwa: angalau katika mwaka mmoja kati ya hiyo mitatu uwe umekaa nje ya Marekani siku 330 kamili bila kuwa na makazi Marekani, na kuchelewa kwako kusiwe kwa kukusudia. Ukikubaliwa, adhabu za kuchelewa zinafutwa. Unalipa kodi yenyewe na riba, kama ipo. Ritani hizo huenda kwa karatasi, Austin, Texas, na juu ya ukurasa wa kwanza wa kila moja unaandika kwa wino mwekundu "Streamlined Foreign Offshore". Bila maandishi hayo bahasha inaweza kushughulikiwa kama ritani ya kawaida iliyochelewa, na adhabu zikafuata. Kwenye 14653 usiandike sentensi mbili za juu juu. Nilieleza mwaka niliohama, nani mwajiri wangu, nilivyoelewa sheria vibaya na nilivyoigundua, kwa tarehe. Maelezo haba ndiyo yanayorudisha faili nyuma.

Mapato niliyatoa kwenye P9, ile karatasi ya mwaka anayotoa mwajiri wa Kenya. Ina safu nyingi, na kosa ni rahisi. Marekani inataka mshahara ghafi, yaani safu ya D, jumla ya mshahara pamoja na marupurupu, si kile kiasi cha chini kilichobaki baada ya kuondoa NSSF ambacho KRA hukitumia kukokotoa kodi. Bahati nzuri mwaka wa kodi wa Kenya ni Januari hadi Desemba kama wa Marekani, kwa hiyo P9 moja inatosha ritani moja. Shilingi nilizibadili kwa wastani wa mwaka wa Benki Kuu ya Kenya, nikashika chanzo hicho kimoja kwa miaka yote. Kwa 2024 jambo hili lilikuwa na uzito: shilingi ilianza mwaka karibu 160 kwa dola, ikamaliza karibu 129. Anayebadili mshahara wote kwa kiwango cha Desemba anajiongezea mapato ambayo hakuyapata.

Sasa lile ninalotaka mdhamini yeyote alisome mara mbili. Ritani hii ina wasomaji wawili. IRS anaangalia kodi, na afisa wa viza anaangalia mapato, tena kwenye mstari mmoja: mstari wa 9 wa fomu ya 1040, jumla ya mapato, ambao ndio I-864 inakuagiza uunakili. Ukitumia fomu ya 2555, mshahara uliosamehewa huandikwa kama namba hasi kwenye Jedwali la 1, na mstari wa 9 unasoma sifuri. Kwa IRS mambo ni safi. Kwa afisa wa viza, mdhamini ameonekana hana kipato.

Anayefanya kazi Kenya ana njia ya pili: fomu ya 1116, inayokupa nafuu kwa kodi uliyokwisha kulipa nje. Mshahara wote unabaki mstari wa 9, kisha kodi ya Marekani inafutwa na PAYE, kodi ya Kenya inayokatwa kwenye mshahara. Chukua mshahara wa shilingi 430,000 kwa mwezi mwaka 2024. Kwa wastani wa kama 135, hiyo ni takriban dola 38,200 kwa mwaka, na PAYE yake inakaribia dola 10,700. Kodi ya Marekani kwa kiasi hicho, ukiwasilisha kivyako na kutoa punguzo la kawaida la dola 14,600, haizidi sana dola 2,600. PAYE inaimeza yote, na kilichobaki kinabebwa mbele hadi miaka 10. Hudaiwi kitu, na mstari wa 9 unasema 38,200 badala ya 0. Ndiyo njia niliyochagua kwa miaka yote mitatu.

Tahadhari: aliyekwisha kutumia 2555 miaka ya nyuma akihamia 1116 kwa mshahara uleule, amefuta chaguo lake la msamaha, na hawezi kulirudia kwa miaka 5 bila ruhusa ya IRS. Na ndugu zetu walioajiriwa Oman au Emirates, ambako mshahara haukatwi kodi ya mapato, hawana kodi ya kudai nafuu. 2555 ndiyo yao. Hao waambatishe ritani nzima pamoja na hiyo 2555, Jedwali la 1 na barua ya mwajiri yenye mshahara, ili sifuri ile ipate maelezo papo hapo. Aliyejiajiri Kenya ajue tena kwamba 2555 haigusi kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, nayo anadaiwa kwa kuwa Kenya na Marekani hazina mkataba wa hifadhi ya jamii.

Kuhusu mke. Kama si raia wala hana grini kadi, wala haishi Marekani, kwa kodi ni mgeni asiye mkazi. Nilijaza hali ya ndoa "nawasilisha kivyangu", nikaandika jina lake, na mahali pa namba yake ya hifadhi ya jamii nikaandika NRA, kifupi cha Kiingereza cha mgeni asiye mkazi. Baadhi ya programu za kodi hukataa herufi hizo na kudai tarakimu. Ikifika hapo, chapisha na utume kwa posta, usibuni namba. Kujiandika "sina ndoa" ili upate viwango vizuri zaidi ni kosa baya kuliko yote: unawasilisha cheti cha ndoa kwa idara moja na kuikana ndoa hiyohiyo kwa idara nyingine, na faili zote mbili zinafika mezani kwa afisa mmoja.

Ipo njia ya kuwasilisha pamoja, kwa kuchagua mke ahesabiwe mkazi. Inataka tamko lililosainiwa na wote wawili, fomu ya W-7 ya kumwombea namba ya kodi, na pasipoti yake halisi au nakala iliyothibitishwa na idara iliyoitoa. Mapato yake yote ya Kenya huingia kwenye ritani. Mke wangu ana biashara yake, nami sikuona sababu ya kuiingiza kwenye mkono wa IRS kabla hajahama.

Ripoti ya akaunti, FBAR, ni kitu tofauti na ritani. Haiendi IRS bali kwa FinCEN, kitengo cha Hazina ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa kifedha, kwa intaneti, bila malipo. Inatakiwa pale jumla ya viwango vya juu kabisa vya akaunti zako zote za nje katika mwaka inapopita dola 10,000. Ni jumla, si kila akaunti. Akaunti ya pamoja na mke inaandikwa kwa thamani yake nzima, si nusu. Niliandika pia akiba ya SACCO. Na liko moja linalosahaulika: chama. Kama wewe ni mweka hazina na saini yako inatoa pesa benki, akaunti ile unairipoti hata kama shilingi yako humo ni ndogo. Hapa kiwango cha kubadilishia si wastani bali kile cha Hazina ya Marekani cha tarehe 31 Desemba. Mwenye pesa kwenye money market fund aangalie zaidi, maana mbele ya IRS hizo ni PFIC, aina ya mifuko ya uwekezaji ya nje, zenye fomu ya 8621 na hesabu nzito. Anayewasilisha kivyake akiwa na chini ya dola 25,000 humo mwisho wa mwaka, na hajapokea gawio la kupindukia, kwa kawaida husamehewa fomu hiyo.

Kisha transkripti, yaani muhtasari rasmi wa ritani yako unaotolewa na IRS. Kituo cha taifa cha viza, NVC, kinapenda transkripti ya IRS kuliko nakala, na aina inayofaa ni ile ya ritani, inayoonyesha mistari mingi ya ritani. Ile ya akaunti huonyesha mambo ya msingi tu, kama malipo na tarehe, nayo haitoshi. Ritani za karatasi huchukua miezi kuingia kwenye mfumo. Nilipofika hatua ya NVC moja ilikuwa bado. Nilipakia nakala iliyosainiwa yenye majedwali yote, P9 yake, na risiti ya kutuma ritani kwa posta. Anwani unayoandika kuombea transkripti ilingane herufi kwa herufi na ya ritani ya mwisho. Kwangu ilikuwa sanduku la posta na msimbo wa posta 80100, na nilipoandika mtaa badala ya sanduku ombi lilikataliwa.

Kwa kiwango cha 2025, mdhamini wa mke peke yake alihitaji dola 26,437 kwa mwaka. Mstari wangu wa 9 ulipita hapo, lakini mshahara wa Mombasa ulikuwa unakoma nikihama, na kipato kisichoendelea hakihesabiwi. Ambaye mwajiri wake atamlipa hata akiwa Marekani, alete barua inayosema hivyo, na transkripti zake zitambeba. Mimi nilisimamiwa na dada yangu aliyeko Minnesota kama mdhamini mwenza. Kwake hesabu ilikuwa watu wanne, yeye, mumewe, mtoto na mke wangu, yaani dola 40,187. Mdhamini mwenza haondoi wajibu wako: bado unajaza I-864 yako na kuweka ritani zako, na zikikosekana kesi inasimama hata dada awe tajiri.

Ungetaka kutumia mali, raia anayemdhamini mke au mume huonyesha mara 3 ya pengo. Bila kipato chochote, kwa kiwango cha 2025 ilikuwa dola 79,311. Nyumba inakubalika kwa hati miliki na tathmini ya mthamini aliyesajiliwa, ukitoa mkopo, ilimradi inaweza kuuzwa ndani ya mwaka mmoja. Nyumba ya familia wanamoishi wazee haifai kwa hilo.

Ukishasafisha ya nyuma, shika kalenda. Aishiye nje ana hadi 15 Juni bila kuomba, ila riba ya kodi inayodaiwa huanza 15 Aprili. Fomu ya 4868 inakusogeza hadi 15 Oktoba, na FBAR hujisogeza yenyewe hadi tarehe hiyo. Mwenye usaili karibuni asizitumie siku hizo za ziada. Mimi niliwasilisha ya 2024 mwezi Februari 2025, kwa hiyo usaili wa Nairobi ulipofika nilimfungia mke wangu kwenye bahasha transkripti mpya, I-864 mbili zenye saini za wino, na barua ya kazi inayoonyesha kwamba ninahamia Marekani naye.