Alama C niliyohama nayo: safari yangu ya udaktari kupitia chuo cha jamii

Mama yangu yuko Korogwe, Tanzania, na kwa zaidi ya miaka sita swali lake kwenye simu lilikuwa lile lile: "Bado hujafika kwenye huo udaktari wenyewe?" Nilimwelewa. Kwetu njia iko wazi. Unamaliza kidato cha sita na PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, ukifaulu vizuri unaomba MD, digrii ya udaktari, moja kwa moja, unasoma miaka mitano, unafanya mafunzo ya mwaka mmoja hospitalini, umekuwa daktari. Mimi PCB nilisoma, matokeo hayakutosha. Mwaka 2015 tukahamia Minneapolis, jimbo la Minnesota, baada ya mume wangu kushinda bahati nasibu ya viza, na huko nikaambiwa kwamba Marekani hata aliyefaulu vizuri haingii moja kwa moja. Kwanza digrii, kwa kawaida miaka minne. Halafu chuo cha udaktari, miaka mingine minne. Kisha mafunzo hospitalini yasiyopungua miaka mitatu. Nilikuwa na miaka 24. Nilihesabu kwa vidole nimesimama jikoni, nikahesabu tena.

Mlango niliouweza ulikuwa chuo cha jamii. Hivi ni vyuo vya umma vya miaka miwili, ada yake ni ndogo kuliko ya chuo kikuu, na havimfungii mtu mlango kwa matokeo ya zamani. Unasoma pale nusu ya kwanza ya digrii, ya pili unahamia chuo kikuu. Kwa kuwa tulikuwa na Green Card, kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, nilijaza FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa fedha za masomo, nikapata Pell Grant, fedha za serikali zisizorudishwa. Mwaka huo wa masomo kiwango cha juu kilikuwa dola 5,775, na ada ikalipika. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, hazipati, kwa hiyo asizipigie hesabu. Na zina kikomo: ukisoma kwa muda wote ni mihula 12 maisha yako yote, basi. Hilo la mwisho nililijua nikiwa nimeshapoteza muhula mmoja.

Niliupoteza hivi. Nilikuwa nafanya kazi ya CNA, kusaidia wauguzi katika nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda vya kulalia, kuwapima presha. Mshauri wa masomo aliposikia kazi yangu akanipangia masomo ya uuguzi. Nilimwambia nataka udaktari, akasema uuguzi ni wa haraka zaidi. Sikubisha. Uuguzi ni kazi ninayoiheshimu sana, ila sicho nilichokuwa nimekiomba. Nikasoma kemia ya utangulizi muhula mzima, nikapata A, na kwa njia ya udaktari ile A haikuwa na kazi. Vyuo vingi vya udaktari vinataka kemia ile wanayosoma wanasayansi, mwaka mzima na maabara yake, na vivyo hivyo baiolojia na fizikia, halafu kemia ya oganiki na biokemia. Majina ya kozi yanakaribiana mno, tofauti iko kwenye namba ya kozi.

Kuanzia hapo sikwenda tena kwa mshauri mikono mitupu. Nilichora karatasi: upande mmoja masomo yanayotakiwa na vyuo vya udaktari, kama yanavyoonekana kwenye orodha ya AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, upande wa pili namba za kozi za chuo kikuu nilichotaka kuhamia. Namuuliza moja moja: hii ikihamishwa inapokelewa kama ipi? Minnesota ina mpango rasmi unaoitwa Minnesota Transfer Curriculum, krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 40 za masomo ya jumla ambazo ukizikamilisha vyuo vikuu vya umma vya jimbo vinazipokea zote kwa pamoja. Mpango huo ulinibeba kwenye Kiingereza, hisabati na saikolojia. Mfuatano wa sayansi nilihakikisha mwenyewe, kozi kwa kozi.

Muhula wa pili nikaingia kwenye kemia yenyewe, na ndipo nilipoanguka. Zamu yangu ilikuwa saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, siku tano kwa wiki, na kipindi kilianza saa mbili. Natoka kazini, nasimama kituoni kwenye theluji, nikipanda basi joto lake linanilaza. Darasani naandika sentensi, nikiiangalia baadaye haisomeki. Jaribio la kwanza nilipata 54. Nikajiambia kemia naijua, nimeisoma Korogwe, nitakaza. Muhula ukaisha na C.

Kila mwalimu pale hubandika mlangoni saa ambazo yuko ofisini kwa ajili ya wanafunzi. Muhula mzima nilipita mbele ya mlango ule sikubisha hodi. Mimi nimekulia shule ambako ukionekana ofisini kwa mwalimu, ama umeitwa ama una kosa. Sikujua kwamba mtu yule alikuwa amekaa ananingoja. Nilikwenda baada ya matokeo, si kuomba alama, bali kumuuliza nimekosea wapi. Akatoa mtihani wangu, akaweka kidole kwenye swali la tatu, la saba, la tisa. Kosa lilikuwa moja: nilikariri fomula nikaacha vipimo, sijui kama nimeshika gramu au moli. Kisha akaniuliza nalala saa ngapi. Nilipomjibu alinyamaza kidogo, akasema nije Jumanne na Alhamisi, hata kama sina swali.

Kozi ile sikuirudia. Kwenye AMCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya udaktari, kozi iliyorudiwa haifuti ya kwanza, alama zote mbili zinahesabiwa. Nilichoweza ni kupata A mbele yake. Tulikaa na mume wangu mezani, tukapanga: nikaacha zamu za usiku, nikachukua Jumamosi na Jumapili, saa 16 kila siku. Fedha zilipungua, na nyumbani nikatuma kidogo. Mama hakulalamika, na hilo liliniuma kuliko kama angelalamika.

Kemia ya pili nakumbuka siku ya titresheni, kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine mpaka rangi ibadilike. Korogwe tulikuwa watu sita kwa bureti moja, ule mrija wenye koki, mwenye mkono mwepesi ndiye anayeishika, wengine tunanakili namba zake. Hapa nilipewa bureti yangu peke yangu. Kionyesha rangi kilikuwa POP ile ile niliyoijua toka shule. Mara ya kwanza nilipitiliza, chupa ikawa waridi kali. Ya pili vilevile. Wenzangu wakamaliza, wakaosha vyombo. Mara ya nne nilifungua koki kwa ncha za vidole, tone, natikisa, tone, natikisa, mpaka waridi ya kufifia sana ikatokea, ikabaki. Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Hakusema kitu. Muhula ule nilipata A.

Mwaka 2018 nilihamia chuo kikuu. Kemia ya oganiki niliiacha kwa makusudi niisomee huko, kwa sababu wanaopokea maombi wanataka kuona kwamba masomo magumu unayamudu hata ukiwa chuo kikuu. Ukumbini tulizidi 300, na wiki ya kwanza nikauliza ofisi ya mwalimu iko wapi. MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, niliufanya Aprili 2021 baada ya miezi sita ya maandalizi. Ni kama saa saba na nusu kuanzia kuingia hadi kutoka, alama zake ni kuanzia 472 hadi 528, nami nilipata 510. AAMC ina mpango wa kuwapunguzia ada wenye kipato kidogo. Omba kabla hujalipia chochote, kwa sababu uliyokwisha kulipa hayarudi.

Kwenye fomu ya AMCAS unaandika kila kozi ya kila chuo ulichowahi kusoma. Ile C niliiandika kwa mkono wangu. Kwenye usaili, kwa video, waliniuliza habari zake, nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa. Mmoja wao akasema barua ya mapendekezo ya mwalimu wa kemia ilimtaja mwanafunzi aliyerudia titresheni mara nne wenzake wakiwa wameshaondoka.

Jibu lilikuja Februari 2022, saa kumi jioni, Korogwe ikiwa saa saba usiku. Sikuweza kungoja kuche. Simu iliita mara mbili.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Hakuna msiba, Mama. Nimechukuliwa. Udaktari wenyewe."

Kimya. Nikasikia kitanda kinalia.

"Hebu subiri," akasema, "niwashe taa."