Dakota ya 1/72, wiki ya tano: kuziba mwanya wa shina la bawa

Wiki hii sikuunganisha kipande kipya hata kimoja cha modeli yangu ya plastiki ya ndege ya Dakota, kwani muda wote umekwenda kwenye puti, yaani uji mzito wa kuzibia mianya. Dakota hii nataka ifanane na zile zilizorushwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, na tumbo pamoja na mabawa yake nitayapaka rangi ya fedha. Rangi hiyo haifichi kitu: mkwaruzo ambao usingeonekana chini ya kijani cha kijeshi, hapa hushika mwanga na kujitangaza.

Kazi kubwa iko pale bawa la kushoto linapokutana na kiwiliwili, ambapo pana mwanya wa karibu nusu milimita. Kwa kipimo cha 1/72, mwanya huo ni sawa na sentimita 3.6 kwenye ndege halisi, na hakuna fundi ambaye angeiruhusu ndege ya namna hiyo kuondoka uwanjani.

Mwanzoni nilitumia puti ya kijivu ya kwenye tyubu, ile yenye harufu kali ya kiyeyushi. Hushika vizuri kwa sababu kiyeyushi chake huilainisha kidogo polistirini, plastiki ya modeli yenyewe, lakini hukauka kwa kukipoteza kiyeyushi hicho hewani, na kadiri kinavyoondoka ndivyo puti inavyonywea. Nilijaza mwanya wote kwa mara moja, nikalala, asubuhi nikapiga msasa, na kwa macho ilionekana imekamilika. Siku tatu baadaye, nilipopuliza rangi ya awali, mshono ulijitokeza upya ukiwa na kibonde chembamba katikati. Tabaka nene hukauka juu kwanza huku ndani bado kuna kiyeyushi, kwa hiyo nilikuwa nimesawazisha kitu ambacho kilikuwa bado kinasinyaa. Ilinipasa kupaka matabaka membamba, kila moja nikilipa siku nzima.

Nimeikwangua yote. Kwa mshono wa mgongoni, ambao umenyooka na msasa unaufikia bila taabu, nimetumia supaglu iliyochanganywa na poda ya watoto. Mchanganyiko huo haunywei, na hukauka upesi, ila lazima usuguliwe ndani ya saa moja hivi. Ukiachwa hadi kesho yake huwa mgumu kuliko plastiki, na hapo msasa hula plastiki ya pembeni na kuacha tuta pale ulipotaka pawe sawa.

Shina la bawa halikubali msasa. Dakota ina mkunjo laini unaolishusha bawa kutoka ubavuni, na kando yake kuna mistari ya ribiti, yaani vichwa vidogo vya pini za kuungia mabati, ambazo nisingependa kuzipoteza, kwa kuwa kuzirudisha ni kazi ya siku kadhaa. Hapo nimechagua puti ya akriliki inayoyeyuka kwa maji: naipaka kwa kijiti cha meno, kisha kabla haijakauka naipangusa kwa pamba iliyoloweshwa maji na kukamuliwa, nikifuata mkunjo kutoka mbele kwenda nyuma. Ziada huondoka, mwanya hubaki umejaa, na ribiti hazijaguswa. Udhaifu wake ni ulaini, kwani ukijaribu kuchonga mstari wa bati juu yake hubomoka, lakini hapa hakuna mstari wa kuchonga. Hata hii hunywea kidogo, nami nimeirudia mara mbili.

Kibonde kimoja chini ya kiwiliwili nimekiziba kwa epoksi ya Milliput, ambayo vipande vyake viwili hukandwa kwa kiasi sawa na kulainishwa kwa kidole chenye maji.

Jana usiku nilizima taa ya chumba nikamulika tochi kwa ubavu wa bawa. Kivuli cha mshono hakikuonekana upande wa kushoto. Upande wa kulia kuna kimoja kifupi karibu na injini, urefu wa punje ya mchele, nacho nitakipaka puti ya akriliki leo, kisha niiache ndege hadi Jumamosi kabla ya kupuliza rangi ya awali tena.