Jua nyuma ya Konstantino

Sarafu yangu ya kwanza ya Kirumi niliiua mwenyewe. Ilinifikia imejaa tope na kutu ya kijani, nami kwa pupa nikaitumbukiza kwenye siki, nikalala. Asubuhi nikaopoa kipande cha shaba chekundu kama kidonda, hakina jicho wala herufi. Kumbe ule ukijani uliokomaa ndio ngozi yake. Ukiuchuna, picha nayo inakwenda.

Ya pili niliiendea kwa adabu. Wiki kadhaa kwenye maji yaliyokenekwa, kisha kijiti cha mbao na subira, basi. Ikatangulia pua, ndefu, ya kibwana. Halafu shada la majani kichwani. Halafu maandishi: IMP CONSTANTINVS AVG. Konstantino Mkuu, kaisari wa Roma aliyeukumbatia Ukristo! Nikawa na hakika kwamba nikiigeuza nitakuta msalaba.

Wapi! Amesimama kijana karibu uchi, joho limemwangukia bega la kushoto, kichwani miale, mkono wa kulia ameuinua, wa kushoto umebeba tufe, yaani ulimwengu mzima. Kumzunguka imeandikwa SOLI INVICTO COMITI: kwa Jua Lisiloshindwa, mwandani wake. Miguuni pake PLN, alama ya kiwanda cha sarafu cha London. Ni Sol, mungu jua, na sarafu hizi ni za miaka ya 310. Ushindi wa Konstantino vitani kwenye daraja la Milvio, huko Roma, ule ambao Wakristo wanausimulia pamoja na ishara ya Kristo, ulikuwa mwaka 312. Jua likaendelea kupigwa chapa kwenye shaba kwa miaka kadhaa baadaye.

Wapo wanaomwita Konstantino mnafiki. Mimi naona mtu aliyehama nyumba polepole, huku vyombo vingine bado viko kwa jirani. Hata sheria yake ya mwaka 321, iliyowapumzisha mahakimu na watu wa mjini, haikutaja Jumapili ya Bwana. Ilisema siku tukufu ya Jua.

Alikufa 337, na wanawe wakamtolea sarafu ya shaba ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja kajifunika ushungi, na mwanzoni mwa jina lake kuna DV, kifupi cha Divus, cheo cha kale cha makaisari waliofanywa miungu. Upande wa pili anapaa kwa gari la farasi wanne, na mkono unashuka kutoka mbinguni kumpokea. Eusebius, askofu aliyeandika maisha yake, ameieleza vilevile. Ila gari la farasi wanne ni chombo cha Sol tangu zamani, na kila Mrumi alilijua.

Ninayo moja. Aliyeigonga hakulenga vizuri, picha imekwenda pembeni na ule mkono umebaki nje ya shaba. Kwenye sarafu yangu, basi, ni mtu tu na farasi wake wanne, wanapanda.