Mahari Ulimpa Nani?

Mwaka 2015 nilikuwa nauza spika Luthuli Avenue, Nairobi. Kazi yenyewe, ukiondoa kubeba maboksi, ilikuwa kuhakikisha wufa iliyokaa mlangoni petu inanguruma kuliko ya jirani. Luthuli ya wakati ule, kabla haijakarabatiwa mwaka 2019 na waenda kwa miguu kupewa nafasi, uliisikia kabla hujaiona.

Ndiyo maana kilio cha yule msichana hatukukisikia. Tulimwona tu. Ilikuwa jioni, watu wakimiminika kuelekea River Road kutafuta matatu, na mwanamume mmoja mwenye shati safi la ofisini alikuwa amemshika kwa mkanda wa mkoba, anamvuta kuelekea uchochoroni. Alipokataa kwenda akamzaba kofi. La pili likamwangusha. Nikazima wufa. Jirani naye akazima yake, akidhani stima imepotea, na hapo ndipo sauti ikatufikia: "Jamani, nisaidieni!"

Watu walikuwa wameshasimama. Mwenye mkokoteni mmoja alikuwa tayari ametua mzigo wake na kupiga hatua mbili mbele. Yule mwanamume akainua kiganja, akasema bila hata kupandisha sauti, "Huyu ni bibi yangu. Haya ni mambo ya nyumbani."

Neno hilo likawa kufuli. Mwenye mkokoteni akarudi akashika vipini vyake. "Wagombanao ndio wapatanao," akasema jirani yangu wa duka. "Ukiingilia, kesho utawakuta wanacheka pamoja, wewe ndiye adui."

Na si kwamba tulikuwa hatujui. Miezi michache tu nyuma, Novemba 17, 2014, wanawake walikusanyika Uhuru Park wakaandamana mjini baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye steji ya matatu, na video kusambaa nchi nzima. Desemba hiyo sheria ikabadilishwa, kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa linalojitegemea. Sote pale Luthuli tulikuwa tumeitazama ile video, tukalaani weee, vikombe vya chai mkononi.

Chai yenyewe tulikunywa ya Mama Chai. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, anapita duka hadi duka na thamosi mbili kubwa, ndoo ya mandazi, na daftari la madeni yetu sote. Jioni hiyo alikuwa anakusanya pesa zake. Alitua thamosi katikati ya barabara akaenda moja kwa moja.

"Unasema ni bibi yako?"

"Mathe, kaa kando."

"Mimi ndiye mamake. Mahari ulimpa nani?"

Mwanamume akabaki kumkodolea macho.

"Mbuzi ulileta wangapi? Nani alikupokea? Babake anaitwa nani?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wengi wakacheka. Yule bwana akafungua mdomo, akautazama umati, mkono ukalegea kwenye mkoba. Msichana akajizoazoa, akajificha nyuma ya mama aliyempata dakika hiyohiyo.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo. Lakini kicheko cha umati wa Nairobi hakidumu. Sauti ikatoka nyuma: "Mwizi! Alikuwa anamwibia mkoba!"

Baadaye sana nilisoma kuhusu John Darley na Bibb Latané, wanasaikolojia wa Marekani, ambao utafiti wao wa 1968 ulionyesha kwamba kadiri mtu anavyoamini wapo mashahidi wengine, ndivyo anavyochelewa kusaidia, akimwachia mwenzake. Nawaamini, niliyaona kwa macho yangu. Ila wangesimama pale Luthuli neno "mwizi" likipigwa kelele, nadhani wangeongeza ukurasa. Watu walewale walioogopa kugusa mambo ya nyumbani, sasa kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza. Mawe yalitoka sijui wapi, mtaa mzima ni lami. Mwenye mkokoteni alikuwa mstari wa mbele. Na hakuna aliyehitaji kuelezwa tairi hupatikana upesi kiasi gani mtaani.

Mama Chai akageuka, akamkinga mtu yuleyule aliyekuwa akimsuta. "Hakuna mtu atauawa hapa! Mlikuwa wapi saa ile?"

Mimi na soja wa jengo tukamkamata yule bwana, tukamsukuma dukani na kushusha mlango wa chuma. Waliupiga mateke mpaka polisi wa doria walipofika. Yeye alikaa juu ya boksi la spika, sikio linavuja damu, akaniomba maji. Nilimpa.

Mama Chai alimsindikiza msichana kituoni, taarifa ikaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na kesho yake wakahangaikia fomu ya P3, ile ambayo daktari hujaza majeraha. Huko ndiko ilikojulikana kwamba kweli yeye na yule bwana walikuwa wameishi pamoja mtaa wa Umoja, na msichana alikuwa amehama kwa sababu ya kipigo. Jirani yangu alifurahi kana kwamba ameshinda kesi. "Si niliwaambia? Ni bibi yake!"

"Na mimi nilimuuliza mahari," Mama Chai akasema huku akimimina chai. "Hakujibu."

Nikamuuliza, je, angetaja hao mbuzi?

"Ningemuuliza rangi yao."

Bunge lilipitisha sheria dhidi ya ukatili wa nyumbani mwaka huohuo, lakini sidhani kuna mtu mtaani kwetu aliyeisoma.

Thamosi moja ilikanyagwa katika ile purukushani. Tulichanga wenye maduka tumnunulie nyingine, na jirani akakataa katakata kutoa hata shilingi, kwa kuwa mama alijitakia. Mama Chai akamkatia chai. Mpaka nilipoondoka Luthuli, jamaa alikuwa ananituma mimi nimnunulie kwa siri, na mama akiniona nashika vikombe viwili ananitoza kile cha pili bei mara mbili.